Mara Arobaini

Leo usiku nitajua kwamba naota.
Naandika. Naandika tena.
Ishbel wa chumba cha kufulia, hospitalini,
ndiye aliyenipa dawa hii wakati wa chai,
sabuni ingali imemkaukia viwikoni:
mara arobaini kabla ya kulala,
kwa mkono, si kwa simu,
na usiandike "labda".

Daftari ni la watoto, lina tembo kwenye jalada,
nimelinunua duka la bei poa pale Hilltown.
Dundee, Desemba, saa tisa na nusu alasiri
na giza limeshaingia bila hodi.

Siku ya kwanza mkono ulikataa.
Mkono una kumbukumbu zake:
Mwalimu Kiondo, darasa la tano, Muheza,
Sitacheka wakati wa sala, mara mia moja.
Nilikuwa nashusha "Sitacheka" zote mia kwanza,
juu mpaka chini kama ngazi,
kisha "wakati", kisha "wa sala",
ndivyo wajanja tulivyoandika adhabu.
Sasa siwezi kudanganya. Nani atasahihisha?

Ninachotaka ni kidogo.
Dada yangu Mwanahawa hupita ndotoni na ndoo,
anatoka bombani, kanga kifuani,
hageuki.
Miaka sita hageuki,
nami mle ndani sijui kwamba amekufa
wala sijui kwamba nimelala,
namwacha apite kama mtu mwenye kesho.

Juma la kwanza, patupu.
Juma la pili niliota nimekaa kitandani, Dundee hii hii,
naandika Leo usiku nitajua kwamba naota,
nikafika arobaini, nikafunga daftari, nikaridhika.
Saa kumi na moja kengele ikaniamsha.
Daftari liko chini ya kitanda, halijaguswa tangu juzi.
Ishbel alicheka mpaka akakalia kapu la mashuka.

Hesabu vidole, akasema. Soma kitu mara mbili,
maandishi ya ndotoni hayatulii.
Basi nikawa nahesabu vidole ndani ya basi;
mzee mmoja akadhani nasali, akavua kofia.

Juma la tatu, au la nne.
Nasoma mstari wangu: nitajua.
Nasoma tena: nitajuta.
Herufi moja imejipenyeza katikati kama jirani.
Natazama mkono: vidole sita,
cha sita kinachezacheza kwa adabu.

Nikajua.

Ishbel alisema watu wakifika hapo huruka,
hupita ukutani, hula keki bila kushiba.
Mimi nilisimama uani kwetu, mchanga wa moto,
nikasikia neno likifunguka ndani ya neno:
nitajua, na jua limo;
naota, kama aotavyo paka ukutani asubuhi,
kama iotavyo mbegu ya papai iliyotemwa dirishani.
Mara zote zile arobaini
nilikuwa naomba jua
katika mji wenye mchana wa saa saba.

Mwanahawa akapita na ndoo.
Jina lake lilikuwa mdomoni tayari.
Nikalishika kidogo.
Nikatazama kisigino chake, ufa wake mweupe,
maji yakiruka kila hatua ya pili.
Sikuwahi kumtazama hivyo akiwa hai,
nilikuwa na haraka.
Nilipomwita aligeuka nusu,
shavu tu, na sikio lenye uzi mahali pa herini.
"Ngoja niweke maji," akasema.

Nimeamka nimelalia daftari.
Kazini Ishbel amenishika kidevu:
wino shavuni, mistari mitatu, herufi kinyumenyume.
Amenisogeza kwenye kioo cha mlango wa mashine
na humo, juu ya mashuka yanayozunguka,
imesomeka sawasawa, isipokuwa neno la mwisho,
limekwenda na mate.
Akachukua kitambaa chenye maji.
Acha, nimemwambia.
Kuna mtu namngoja.